Kupandisha mdomo wa tangi la septiki hadi usawa wa ardhi

Tangi la septiki likishafukiwa, wenye nyumba hulisahau mpaka siku choo kinapogoma. Mfuniko ukiwa sentimita 50 chini ya udongo, kila ukaguzi unaanza na jembe, na kazi inayoanza na jembe huahirishwa mwaka hadi mwaka. Wakati huo tope linapanda taratibu, linavuka ti ya kutokea (bomba lenye umbo la herufi T ambalo maji hupitia kutoka tangini), linaingia kwenye mitaro au shimo la kunyonya na kuziba udongo. Tangi likijaa linanyonywa kwa saa moja na habari inaisha. Udongo ulioziba hausafishwi kirahisi hivyo, na mara nyingi inabidi kuchimba sehemu mpya ya kunyonyea.

Njia ya kuondokana na hilo ni kuliwekea tangi shingo, yaani pingili zinazopanda kutoka mdomo wa tangi hadi juu kidogo ya ardhi, zikiwa na mfuniko unaofungwa. Kazi yenyewe ni ya siku moja au mbili. Ugumu wake hauko kwenye kuchimba. Uko kwenye viungo: shingo inayovuja ni mbaya kuliko kutokuwa na shingo, kwa sababu inageuka mfereji wa kuingiza maji ya mvua ndani ya tangi.

Kabla ya kugusa mfuniko

Tope linalooza mahali pasipo na hewa hutoa methani, kabonidayoksaidi na sulfidi ya hidrojeni. Methani hulipuka. Kabonidayoksaidi hujaza nafasi ya oksijeni. Sulfidi ya hidrojeni ndiyo yenye harufu ya yai viza, na wengi hudhani kwamba harufu ikikatika basi gesi imekwisha. Sivyo. Ikifika takriban sehemu 100 kwa milioni, gesi hiyo huifanya pua iache kunusa. Mtu hahisi chochote, kisha anaanguka.

Kwa hiyo usishuke ndani ya tangi hata kama limenyonywa likabaki tupu, usiingize kichwa kwenye mdomo, na usilale kifudifudi juu yake kutafuta koleo lililodondoka. Hakuna sigara, kiberiti wala taa ya moto karibu. Usifanye kazi hii peke yako. Mtu akitumbukia, usimfuate: aliyemfuata mwenzake huwa maiti ya pili. Piga simu kwa zimamoto, pelekea hewa safi kwa feni au pampu ya hewa ukiwa nje, na subiri watu wenye vifaa vya kupumulia.

Jambo la pili linalosahaulika ni slabu yenyewe, yaani zege linalofunika tangi. Gesi ile ile, ikikutana na unyevu na bakteria kwenye zege lililo juu ya usawa wa maji, huzaa asidi ya salfa inayolila zege kutoka chini. Kwa juu slabu inaonekana nzima, kumbe chini nondo zimebaki wazi. Unapochimba, laza ubao mnene unaovuka upana wote wa tangi na usimame juu yake, kila mwisho ukikalia udongo mgumu nje ya kuta. Na kila unapoondoka, hata kwenda kunywa maji, funika shimo kwa kitu kisichosogezwa na mtoto.

Kulipata tangi na midomo yake

Anza kwenye bomba la choo linapotoka ukutani, ufuate mwelekeo wake. Kama kuna chemba njiani, ifungue uone bomba linaelekea wapi. Kisha tumia fimbo ya chuma ya milimita 10 au 12, yenye mshikio wa kukingama, uichomeke ardhini kila sentimita 30. Isukume kwa mkono, usiigonge kwa nyundo. Tangi la plastiki hutoboka, na bomba pia. Ukigusa kitu kigumu kwenye kina kilekile mara tatu nne, umefika. Endelea mpaka upate kingo zote nne, maana kingo ndizo zinazokuonyesha midomo ilipo.

Tangi kwa kawaida limelazwa kwa urefu kufuata bomba: maji yanaingia upande mmoja mfupi na kutoka upande wa pili. Midomo huwa karibu na ncha hizo mbili, juu ya ti ya kuingilia na ti ya kutokea. Matangi mengi ya zege yana ukuta katikati unaoyagawa vyumba viwili, na cha kwanza ndicho kikubwa. Kila chumba kinahitaji mdomo wake.

Ukishaipata midomo, pima umbali wake kutoka kona mbili za nyumba na uandike namba hizo mahali zitakapodumu. Kipimo kutoka kona moja hakitoshi, kinakupa duara zima la kutafuta.

Sasa kagua slabu. Futa udongo, gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka mdomo. Zege zima linalia, zege lililooza linatoa sauti butu. Chokoa ukingo wa mdomo kwa tindo. Likimomonyoka kama keki, au ukiona nondo zenye kutu, acha habari ya shingo, kwanza slabu ibadilishwe. Kuongeza mzigo juu ya slabu iliyooza ni kutega mtego uani kwako.

Shingo ngapi, upana gani

Mbili, na kila moja iwe na kipenyo cha ndani cha sentimita 60. Ikiwa mfuko unaruhusu moja tu kwa sasa, watu wengi huchagua upande wa kuingilia kwa sababu ndiko choo huziba. Tungeanza na upande wa kutokea. Huko ndiko unakoona kama tope linakaribia kutoroka, kama ti imevunjika, na huko ndiko kichujio kinawekwa.

Bomba la milimita 100 lililosimamishwa juu ya tangi si mbadala wa shingo. Linafaa kuchungulia kwa tochi, lakini gari la kunyonya likipitishia mpira wake hapo linavuta maji ya katikati na kuacha tope lililoshikana kwenye kona. Fundi wa gari anahitaji nafasi ya kukoroga tope, kusuuza kuta na kuona anachofanya. Mpira ukilazimishwa kwenye bomba jembamba huweza pia kuing'oa ti iliyo chini yake.

Mdomo uliopo ukiwa mdogo kuliko sentimita 60, unaweza kuweka shingo pana kuuzunguka bila kuukata. Kukata slabu iliyo juu ya tangi lenye gesi kwa grainda inayotoa cheche ni kazi ya watu wenye kipima gesi na feni. Waachie.

Plastiki, pete za zege au tofali

Pingili za plastiki ni nyepesi, haziliwi na asidi, na mtu mmoja anazibeba. Huja kwa vimo tofauti, aghalabu sentimita 15 na 30. Ndizo tunazopendekeza pasipopita gari.

Pete za zege hudumu na haziyumbi, ila piga hesabu ya uzito kwanza. Pete ya kipenyo cha ndani cha sentimita 60, unene wa sentimita 7.5 na kimo cha sentimita 30 ina uzito wa kilo 110 hivi. Mbili zikipandana ni zaidi ya kilo 220 zinazokalia ukingo wa mdomo, mahali slabu ni dhaifu zaidi.

Shingo ya tofali ni rahisi kujenga na inakubali kimo chochote, lakini ndiyo inayovuja zaidi kwa sababu kila kiungo ni njia. Ukiijenga, tumia tofali za saruji au za kuchoma zilizoiva vizuri, udongo wa simenti 1 kwa mchanga 3, na lipu ya sentimita 1.5 ndani na nje. Lipu ya nje ndiyo watu huiruka kwa sababu itafukiwa, na ndiyo inayozuia maji.

Kupima kimo

Pima kutoka uso wa slabu hadi usawa wa ardhi, kisha ongeza sentimita 5 hadi 10. Tuseme slabu iko sentimita 53 chini: unahitaji 58 hadi 63. Pingili mbili za 30 zinakupa 60, unene wa pete ya kukalia (ile inayofungwa kwenye slabu na kubeba pingili) na mfuniko unaongeza kidogo, umefika. Usiishie sawa na ardhi kabisa. Udongo wa bustani hupanda kila mwaka kwa majani na kufagia, na mfuniko ulio sawa na ardhi leo huwa kidimbwi baada ya misimu michache.

Vifaa kwa shingo moja ya plastiki

- pete ya kukalia ya kipenyo kinacholingana na pingili
- pingili za kutosha kimo, pamoja na mipira yake ya viungo
- utepe wa butili (mpira laini unaonata, wa kuzibia viungo) wa unene wa milimita 20 hadi 25, mita 4.5
- skrubu 8 za chuma kisichoshika kutu, milimita 6, na rolplagi zake
- wavu au sahani ya usalama ya kuwekwa ndani ya shingo
- mfuniko wa skrubu, na bisibisi ya kichwa chake maalumu
- brashi ya waya, drili na biti ya zege, pimamaji, simenti na mchanga kidogo wa kusawazishia

Kufunga

Chimba kwa upana. Shimo liwe na nafasi ya sentimita 30 kuzunguka pete, la sivyo utakuwa unafunga skrubu kwa kubahatisha. Udongo uweke mbali, juu ya turubai, usije ukarudi ndani ya tangi kwa mguu wako. Chagua kipindi cha kiangazi: maji ya ardhini yakiwa juu ya slabu, hutapata uso mkavu hata ufute namna gani.

Mfuniko wa zamani ufungue kwa mtaimbo, mkae upande upepo unakotoka, na muuache wazi dakika kadhaa kabla ya kusogea. Tindua mabaki ya udongo na simenti ya zamani, sugua kwa brashi ya waya, kisha puliza vumbi. Uso ukiwa na mabonde, sawazisha kwa tabaka jembamba la simenti 1 na mchanga 2, usubiri likauke. Butili haishiki kwenye unyevu wala vumbi. Hapa ndipo shingo nyingi zinaharibikia: fundi ana haraka, zege lina jasho, na utepe unakaa juu kama mkufu bila kushika.

Weka pete mahali pake bila utepe, uhakikishe haizibi mdomo na kwamba pimamaji linakubali. Toboa alama za skrubu ukiwa angalau sentimita 5 kutoka ukingo wa mdomo. Ukikaribia zaidi, zege linabanduka vipande. Kina cha tundu kiwe sentimita 5, usitoboe slabu mpaka chini. Ondoa pete, safisha vumbi la kutoboa, ingiza rolplagi.

Zungusha utepe wa butili chini ya pete, duara mbili, moja ndani ya mstari wa skrubu na nyingine nje. Ncha za utepe zipishane sentimita 4 zikilala ubavu kwa ubavu, zisipandane. Duara moja ya pete ya sentimita 60 hula kama mita 2. Shusha pete wima, usiiburute. Kaza skrubu kwa kuvuka, ya kwanza kisha inayoitazama ng'ambo, kidogo kidogo, mpaka butili ichomoze kwa pande zote. Palipo na pengo ambapo haikuchomoza, maji yatapita. Fungua urudie, usijaribu kuziba kwa nje.

Pingili zinafuata, kila moja na mpira wake au duara ya butili. Usitegemee silikoni kwenye plastiki ya polithini. Inaonekana imeshika siku ya kwanza, halafu inabanduka kama ganda, kwa sababu plastiki hiyo haipokei gundi. Povu la kupuliza nalo ni la kujaza nafasi, halizuii maji. Pima wima wa kila pingili. Kosa la sentimita moja chini linakuwa mfuniko uliopinda juu.

Wavu au sahani ya usalama weka sasa, usiseme utaiweka baadaye. Mfuniko ukisahauliwa wazi, au ukipasuka, huo wavu ndio unaomzuia mtoto.

Ukitumia pete za zege, utaratibu ni ule ule isipokuwa skrubu: uzito wake wenyewe unabana butili. Usizikalishe kwa simenti peke yake. Pete na slabu hazisogei pamoja udongo unapovimba na kukauka, simenti inapasuka, butili inavumilia. Unaweza kupaka lipu kwa nje baada ya butili kukaa.

Mfuniko wa zege wa kumwaga mwenyewe

Kwa shingo ya zege au tofali, mfuniko wa duara ni bora kuliko wa mraba kwa sababu moja: duara haliwezi kutumbukia kwenye shimo lake. Mfuniko wa mraba wa sentimita 70 juu ya mdomo wa sentimita 60 unaonekana salama, ila mdomo huo kona kwa kona una sentimita 85, na mfuniko ukisimama kwa ubavu na kugeuka unapita wote na kuvunja ti chini.

Mfuniko wa kipenyo cha sentimita 70 na unene wa 7.5 unahitaji takriban lita 30 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:3 ni simenti lita 7.5 (kilo 11 hivi), mchanga lita 15, kokoto ndogo lita 22, na maji lita 5 hadi 6. Zege liwe la kushikana, si uji. Suka nondo za milimita 8 kwa nafasi ya sentimita 15 pande zote mbili, zikae sentimita 2 hadi 2.5 kutoka chini. Huko chini ndiko mfuniko unakovutika mtu akisimama juu yake. Nondo zikiachwa katikati au juu hazisaidii kitu. Pindisha nondo mbili kuwa mishikio, ukiiacha ndani ya vishimo ili isikwaze miguu. Mwagilia siku 7, na usiukanyage kabla ya siku 14.

Utakuwa na uzito wa karibu kilo 70. Ni wa watu wawili, na uzito peke yake si kufuli: weka bolti au kitasa.

Jaribio kabla ya kufukia

Zungushia shingo tuta dogo la udongo kwenye slabu, mimina ndoo moja au mbili za maji kati ya tuta na shingo, kisha mulika ndani kwa tochi ukiwa umesimama. Ngoja nusu saa. Tone likionekana likishuka kwa ndani, jua kiungo kipi na ukifungue. Ni jaribio la nusu saa, na bila hilo utagundua uvujaji masika, choo kikipanda kila mvua inaponyesha.

Jaribio likipita, fukia kwa tabaka za sentimita 15, ukizunguka sawasawa ili shingo isisukumwe upande mmoja. Ondoa mawe, shindilia kwa mguu au kwa kishindilio cha mkono, usitumie mashine. Mfuniko uwe umefungwa wakati wa kufukia, ndio unaoizuia pingili ya plastiki isigeuke yai. Malizia na mteremko unaoshuka kama sentimita 5 katika mita ya kwanza kutoka shingoni.

Pakipita gari, plastiki haifai hata kidogo, wala mfuniko wa zege tulioeleza. Panahitaji mfuniko na fremu ya chuma cha kalibu iliyopimwa kwa mzigo huo. Katika viwango vya Ulaya vya EN 124, B125 ni wa magari madogo na D400 ni wa barabara, lakini mfuniko mzuri haumsaidii mtu ambaye slabu yake haikujengwa kubeba gari. Afadhali kuhamisha njia.

Yale yanayoharibika baadaye

Harufu uani ina maana mpira wa mfuniko umekaa juu ya mchanga au skrubu hazikukazwa sawa. Futa, paka grisi ya silikoni kwenye mpira, kaza kwa kuvuka. Usizidishe nguvu: uzi wa plastiki ukishaliwa, skrubu inazunguka bure. Mizizi myembamba ndani ya shingo ni ushahidi kwamba kiungo kina unyevu, hivyo kuikata tu hakutoshi. Alama ya maji kwenye ukuta wa ndani wa shingo, juu ya slabu, inaonyesha tangi liliwahi kufurika hadi hapo. Chunguza upande wa kunyonya, si shingo.

Kuitumia

Kila mwaka fungua upande wa kutokea na upime. Fungia kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, mita moja ya chini, uushushe taratibu hadi sakafu, ngoja dakika tatu nne, upandishe polepole. Sehemu nyeusi ndiyo kimo cha tope. Kwa ukoko unaoelea juu, tumia mti wenye kipande cha sentimita 15 kilichopigiliwa kukingama mwishoni: upenyeze, uugeuze, uvute juu mpaka kipande kikwame chini ya ukoko, uweke alama.

Tangi lenye kina cha maji cha sentimita 120, tope 25 na ukoko 12, lina uchafu wa sentimita 37, karibu asilimia 31. Lipigiwe gari. Mpaka unaotumika sana ni asilimia 25 hadi 30, au mapema zaidi ikiwa tope limebakiza sentimita 30 kufikia mdomo wa chini wa ti ya kutokea, au ukoko sentimita 15.

Kichujio cha ti ya kutokea kinasuuzwa kila miezi 6 mwanzoni, mpaka uone kasi yake ya kuziba. Kivute polepole ili uchafu usidondokee bombani, na maji ya kusuuza yarudi upande wa kuingilia. Glovu za mpira, na nguo zifuliwe peke yake.